Lulu Anaimba kwa Sauti Yako

Dada Nyemo,

Sikuulizi hali. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetendeka, na kila ninayemweleza ananiambia nishukuru. Nishukuru nini?

Unaimba, dada. Tumekuzika, masika mawili yamepita, na bado unaimba.

Unazikumbuka zile siku za studio hapa mjini. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Elisha, prodyuza aliyerekodi kwaya yetu. Alisema anataka mazoezi ya sauti tu. Siku nne ulikaa na hedifoni masikioni ukiimba ba, be, bi, bo, bu, juu, chini, katikati. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. "Tabitha, huyu ananirudisha darasa la kwanza?" Ulikuwa umeshaanza kukohoa. Mimi nikakuchemshia tangawizi ili umalize. Nilikuhimiza umalize, Mungu anisamehe.

Hayakuwa mazoezi. Kila silabi aliiingiza kwenye programu ya kompyuta. Sasa anaandika maneno yoyote anayotaka, anayapangia noti, na sauti yako inayaimba. Mwimbaji huyo amempa jina la Lulu. Hana mwili. Ni picha ya kuchora, binti mweupe mwenye nywele hadi kiunoni. Wewe, mweusi wa kwetu Mvumi, uliyekuwa ukinyoa kichwa kila mwezi.

Wa kwanza kukusikia alikuwa mama. Alikuwa uani anabangua karanga, jirani akafungua redio. Mama aliinuka, ungo ukaanguka, akaita, "Nyemo! Umepitia wapi?" Akatoka mpaka barabarani kukupokea. Lilikuwa tangazo la mvinyo, dada. Wewe uliyekataa kuimba kwenye harusi ya binamu yetu kwa sababu ya walevi.

Nikamwendea Elisha. Hata hakukana.

"Sauti kama ile, ningeiacha ioze?" aliniuliza. "Na mwenyewe alikubali."

"Alikubali mazoezi!"

"Basi mlete aseme hivyo."

Hasira ilinipanda, nikatafuta neno la kumuumiza. Nikamwambia, "Wala huyo si Nyemo! Nyemo alikuwa akivuta pumzi kabla ya kiitikio, pumzi fupi, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Huyo wako hapumui!" Aligeukia kompyuta yake. Nikatoka nikijua nimemchoma. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Mwezi haukuisha, wimbo mwingine ukatoka. Nilikuwa sokoni nachagua nyanya. Kabla ya kiitikio, ukavuta pumzi. Ileile. Nikakaa juu ya gunia la vitunguu mbele za watu. Kitu ambacho mashine haikuwa nacho, nilikitoa mimi, kwa mdomo wangu.

Halafu ikaja Jumapili nilipokwenda nyumbani. Kanisani, mahali ulipokuwa ukisimama, mbele ya sauti ya kwanza, waliweka spika. Mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba tumepata mwimbaji asiyeugua wala kuchelewa mazoezi. Alisema hivyo, dada, na mama amekaa benchi la pili! Watu walikusikia, wakalia, wakapiga vigelegele. Mama aliinuka katikati ya ubeti, akashika fimbo yake, akatoka. Nilimkuta nje ameegemea ukuta.

"Mama, twende nyumbani."

"Mwanangu alikuwa anachoka," alisema. "Ubeti wa tatu sauti ilikuwa inamshuka, nami nilikuwa namwombea afike mwisho. Yule hachoki. Simjui."

Tangu siku hiyo anasali kwake chumbani. Kwaya ilituma watu wawili kumbembeleza. Aliwapa chai, akarudi chumbani kwake.

Nimepeleka malalamiko kwa ofisa mmoja. Ananiambia anatafuta sheria inayohusika. Nimekwenda mara tatu, na nitakwenda tena, ingawa sina imani naye.

Juzi Elisha alinipigia simu. Sauti ya upole kabisa. Amesikia kwamba ulikuwa ukimbembeleza binti yangu kwa wimbo wa Kigogo aliotuachia bibi, anataka nimwimbie japo mara moja, asikie mahadhi yake. Nikamwambia nimeusahau.

Sijausahau. Naujua wote, hadi pale ulipokuwa ukikosea maneno na kuendelea. Atapiga tena, najua, na nitamjibu vilevile mpaka achoke au nife. Nakuahidi hilo, dada yangu. Mengine yote nimeshindwa kukulindia.

Kwaheri, Nyemo. Pumzika, kama watakuacha.

Mdogo wako,
Tabitha