Sufuria ya Sombe Iliyorudi Imejaa

Maman Colette,

Niko na roho nzito na sina mutu wa kumuambia, ndiyo maana nakuandikia weye, sababu sauti yako kwa redio ndiyo ya kwanza naisikia asubui, na siku zingine ndiyo ya mwisho. Bwana yangu Gracien iko Shabunda kwa machimbo ya zahabu, rezo ya simu inapatikana kwa bahati, na miye niko na butiki kidogo huku Kadutu. Mwezi uliopita watu wa serikali waliingia, wakakwarua mikebe yangu ya maziwa ya unga, karatasi ya tarehe ikabanduka, na chini yake kukawa tarehe ingine, ya zamani! Walipakia yote kwa kamio, avenue nzima ikiangalia. Maman, naapa, nilinunua hivyo hivyo kwa depo ya jumla, sikujua kitu. Tangu pale hakuna anayeingia, hata chumvi wanaenda kununua mbali, na Micheline, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tulikuwa tunasonga bugali kwa moto moja, ananipita kama hanioni. Mutoto wake Ornella alikunywaka yale maziwa, nasikia alihara sana, sijui kama alipona.

Siku ya mungu shirika letu la sala lilifanya karamu, nikapeleka sombe ya majani ya muhogo na sambaza, zile samaki kidogo za ziwa, nikaona hakuna anayechota, basi nikaonja mbele ya wote, vile tunaonjaka kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya kumupa mugeni, aone haina sumu. Ayi! Kumbe niliwakumbusha sumu miye mwenyewe. Nilirudi na sufuria imejaa, nikakula peke yangu mpaka ikachacha. Kaka yangu Luc iko kwa kisiwa cha Idjwi, anasema nifunge butiki niende kulima naye. Niende, maman? Nimechoka kupika chakula cha mutu moja.

Delphine, Kadutu

Delphine mwanangu,

Pole sana. Kula peke yako sombe uliyopikia watu wengi, ni uchungu, naujua. Na yule wa depo alikutendea vibaya; nenda uwaonyeshe watu wa serikali mahali pake, leo, bila kuogopa.

Sasa acha nikugombeze. Umenieleza mikebe, kamio, sombe, kasiksi, mpaka Idjwi. Ya Ornella umeandika tu kwamba hujui kama alipona. Hujui! Na mnatenganishwa na ukuta! Walikudanganya, ndiyo, lakini Micheline alipokea yale maziwa kwa mikono yako. Serikali ilibeba mikebe ya butiki. Ile iliyokuwa imeshafika kwa nyumba za watu, nani aliifuata? Unalia kwamba wanakuogopa, na weye hukuuliza hata mutu moja kama aliugua.

Idjwi haikimbii. Kesho usifungue butiki. Pita kwa kila nyumba iliyonunua, omba mukebe, rudisha makuta waliyolipa, hata polepole. Anza kwa Micheline. Usibebe sufuria, na tafazali, usionje kitu mbele ya mutu tena! Piga hodi, uulize: Ornella anaendelea aje? Kisha nyamaza. Akikufokea, kaa umusikilize. Akikufungia mulango, kesho yake urudi uulize tena.

Na siku atakayokukaribisha akuwekee sahani, kula, Delphine. Usimungoje aonje.

Maman Colette