Levi Nyevu, Jina la Gunga Hatulitaki

Mwaka umeshatimia, Baba Joy, tangu tukuzike Machi 1996. Ningependa kuandika maneno matamu matupu, kama wenzangu wanavyowaandikia waume zao. Nimejaribu, ila hasira haijaniacha.

Wenzako wa bandari ya Kilindini wanakukumbuka kwenye winchi, na kwa kuwagawia mahamri yako kabla hawajaomba. Ganjoni wanakukumbuka kwa darasa lako la Jumamosi pale kanisani, ulipokuwa ukiwashika watu wazima mkono mpaka wakajua kuandika majina yao. Mimi nakukumbuka ukipiga pasi shati moja mara tatu. Hukuridhika mpaka kola isimame.

Wengi hawakujua ulikotoka. Ulipofika miaka kumi na minane ulichukua fomu ya kitambulisho ukaenda mtaa wa Ndia Kuu, dukani kwa baba yako Mzee Gunga, muuza vinyago, kumwomba akubali kuandikwa kuwa ndiye baba. Akakutazama mbele ya wateja akasema, "Huyu simjui. Mtoeni."

Ukaandikishwa kwa jina la mama yako, Nyevu. Bandarini wakakucheka miaka na miaka, ati mwanamume mzima ana jina la kike. Ukiulizwa jina ukawa unajibu "Levi" tu, unageuza uso.

Kisha ukaokoka. Siku ya ubatizo mchungaji alikuuliza jina kamili, nawe ukalitaja lote, "Levi Nyevu," kanisa zima likasikia. Tulipofika nyumbani ukaniambia, "Mama Joy, nilidhani mimi ni mtu asiye na mwenyewe. Kumbe Mungu amekuwa Baba yangu siku zote hizi." Ukalia, nami nikalia. Tangu hapo uliandika jina lako kila mahali, kwenye Biblia, kwenye mwavuli, hata kwenye sufuria yangu ya wali.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Mzee Gunga alikuja nyumbani na wazee wawili. Hana mtoto mwingine wa kiume. Anataka kaburi lako liandikwe Levi Gunga, na mwanetu Thoya abadilishwe jina aitwe Gunga, kwa kuwa mila inataka mjukuu wa kwanza wa kiume arithi jina la babu mzaa baba. "Huyu ni damu yangu," ati. Mama Nyevu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia, "Damu yako uliifukuza dukani. Njia ni ile pale."

Mila hiyo naijua, nami pia ni Mgiriama. Jina lisiporithiwa, limekwisha. Na hilo ndilo ninalolitaka. Jumamosi tumeweka jiwe kaburini, limeandikwa LEVI NYEVU, MWANA WA MUNGU. Haya nayatoa gazetini makusudi, ili Mzee Gunga asomewe.

Wewe ulimsamehe, tena ukimwombea kila siku. Mimi nimeshindwa, na Mungu nimemwambia wazi. Ninalomwombea mzee yule ni moja tu: apewe umri mrefu na masikio mazima, awasikie wajukuu wake wakiitwa kwa jina la mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtelekeza, mpaka siku yake ya mwisho.

Unakumbukwa na mkeo Caroline, mama yako Nyevu, wanao Joy Nyevu na Thoya Nyevu, na wanafunzi wako wa Jumamosi. Tutakutaja maisha yetu yote.