Chumba Ulichotulipia Dodoma

Baba Neema, uliyenifundisha kukimbia,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Ukonga, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mkeo atakuwa ameshakueleza ya kwake. Haya ni ya kwangu. Nayasema mara moja yaishe, maana mwanamume akisikia mke wake wa zamani na mke wake wa sasa wamelala chumba kimoja, lazima ataanza kuwaza mambo.

Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda hadi stesheni ya Pugu, kupanda treni ya Dodoma kwenda kwenye marathoni ya kesho yake. Nilivaa viatu vya mbio kabisa. Hiyo ni sheria yako. Miaka ile tulipokuwa tunakwenda Morogoro kwa basi, siku moja kabla ya mbio, konda akifungua buti ulikuwa unamnyanyulia mguu wenye kiatu cha mbio na kumwambia, "Mzigo wangu wa maana huu hapa, haupandi humo." Ulinikataza maharage tangu Ijumaa. Ulininywesha maji njia nzima, na kila baada ya muda ukaniuliza, mbele ya abiria, kama mkojo wangu umekuwa mweupe. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikawa najibu bila kugeuza shingo. Nilikuwa mwalimu ambaye hakuwahi kukimbia hata kuwahi kengele, nawe ukanitoa kitandani kila Jumamosi tukapande vilima vya Pugu, mpaka nikavipenda kuliko ulivyovipenda wewe.

Ndani ya treni, kiti changu kilitazamana na cha mwanamke kijana aliyepandia mjini. Alikuwa na viatu vya mbio miguuni na kontena la viazi vitamu mapajani. Nilimtambua kabla yeye hajanitambua. Nilimwona mara moja tu, kwenye mahafali ya Neema, amekaa kiti cha nyuma yako.

Aliponitazama vizuri, akaacha kutafuna.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni Salome."

"Ndiyo. Na wewe ni mama Neema."

Baada ya hapo nilitazama dirishani hadi tukapita Ruvu. Nilijipekua kama nina hasira, sikuiona. Kilichonishangaza ni vile viazi. Vilikatwa vipande vinene, havina hata chumvi. Nilijua mkono uliovikata.

"Karibu viazi," akasema mwishowe. "Baba Neema kasema leo nisile kitu kingine."

Alikuita Baba Neema, nadhani kwa kuniheshimu mimi. Nikachukua kipande. Ndipo akanieleza kwamba mlikuwa mkimbie pamoja, goti lako likavimba, ukamtaka na yeye aahirishe. "Nikamwambia mie siachi. Nimefanya mazoezi miezi yote hii, niache kwa goti la mtu mwingine?" Nilicheka. Nadhani hata yeye hakutegemea kwamba ningecheka.

Tulipofika Dodoma tuliagana stesheni, kila mtu akaenda zake. Nilichukua namba yangu ya mbio, nikaenda gesti niliyokuwa nimeagiza chumba. Dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma. "Samahani mama, sie tulidhani huji tena. Chumba tumeshampa mtu." Nikajaribu gesti nyingine, kisha nyingine. Mji wote ulikuwa umejaa watu wenye raba za rangi kali. Jioni ilipoanza kuingia nilikuwa nimekaa juu ya begi langu nje ya mgahawa, najiuliza nifanyeje, Salome akatokea mle ndani na sahani ya wali, viazi kavichoka.

"Twende kwetu," akasema baada ya kunisikiliza. "Chumba ni cha watu wawili, kilishalipiwa."

Nikakataa. Nikasema nitapata tu.

"Dada, kesho ni kilomita arobaini na mbili. Unataka ulale kwenye benchi ili iweje?"

Nikainuka, nikachukua begi langu.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye chumba chako. Kilikuwa na kitanda kimoja kipana, chandarua cha bluu na feni yenye kelele. Tukakubaliana kulala mzungu wa nne, kichwa changu upande wa miguu yake. Alikuwa anabandika namba kwenye fulana, pini zinamponyoka. Nikambandikia. Nikamwonyesha pa kupaka mafuta ya mgando ili asichubuke, kwapani na mapajani, kama ulivyonionyesha wewe. Kisha akauliza bila kuniangalia.

"Kwani nyie mliachana kwa nini?"

Watu wameshaniuliza hilo na huwa nawajibu kwa kifupi. Yeye nilimjibu kwa ukweli, na ukweli wenyewe ni mfupi vilevile. Nilimwambia kazi ilikuhamishia Kinondoni, ukapanga chumba huko kukwepa foleni, mie nikabaki Ukonga na shule yangu. Ukawa unarudi kila wikiendi. Wikiendi moja hukurudi, na mie sikuuliza. Iliyofuata hukurudi pia.

"Na yeye hakukuuliza mbona huulizi?"

"Hakuuliza."

Akafunika kopo la mafuta.

"Mie ningeuliza," akasema.

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayetaja kabila lake. Tukazima taa mapema, na nililala vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mbio zenyewe hazina mengi. Kulikuwa na baridi, upepo mkavu, na kupanda kulikokuwa kunajificha nyuma ya kila kona. Nilimwacha Salome mwanzoni, nikamaliza kwa mwendo wangu wa kawaida, nikakaa pembeni na chupa ya maji. Jua lilikuwa kali alipotokea, uso mweupe kwa chumvi, anachechemea na kumgombeza mtu asiyeonekana. Nadhani ni wewe. Alipovuka mstari alinidondokea, akalia begani kwangu kwa sauti. Watu walidhani ni mdogo wangu. Sikuwasahihisha.

Nimekaa miaka naamini kwamba mimi na wewe hatukugombana kwa sababu tulikuwa watu waungwana. Tangu Jumapili siamini tena hivyo. Silii, wala sitaki kitu kirudi. Neema anakua vizuri, na mimi niko sawa. Ila huyu uliyenaye hanyamazi, na wewe nakujua: mtu akikuuliza jambo zito unakwenda kuosha viatu.

Siku akikuuliza, Baba Neema, kaa chini umjibu.

Goti likandwe kwa barafu, si kwa maji ya moto.

Mama Neema