Sarafu ya Mama Régina Nje ya Kisanduku

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mpendwa mudogo wangu Ruphin,

Pokea salamu zetu sote, na pole tena, maana pole ya simu haitoshi. Mgongo wako umepata nafuu? Emilienne na watoto wanalala vizuri tangu habari ya msiba wa mama iwafikie huko Liège? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua zimeisha, mpunga umevunwa, na mimi nimeanza tena kula chakula cha jioni.

Kwenye simu uliniuliza mimi dada yako, "Yaya, ile feza ya mama iko wapi?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu, na ulipopiga tena hukuuliza. Najua umekwisha kusikia kwa watu kwamba kisanduku chake kilikatwa. Sitaki jambo hili ulipate vipande vipande. Padri Blaise anasafiri wiki hii kwenda huko kwenu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze mwanzo, ili hata watoto wako wakisomewa waelewe. Baba yetu Marcellin alimwoa mama kule Wamaza baada ya vita ya waasi wa Mulele. Mbuzi walikuwa wameliwa na askari, nguo za kupeleka ukweni hazikuwepo. Alikuwa na sarafu moja tu ya feza, ya franka hamsini, ya mwaka 1944, yenye picha ya tembo, aliyoachiwa na baba yake. Dukani haikununua tena hata chumvi. Aliiweka kiganjani mwa mama mbele ya wajomba zake, nao wakakubali. Vita nyingine ilipotukimbiza toka Wamaza mpaka Kasongo, uliona mwenyewe: sufuria zilibaki, sarafu ilifika, imeshonwa ndani ya pindo la kitenge.

Vita ilipotulia, baba mudogo Bruno alienda nayo Ulaya kwa wataalamu wanaopima sarafu za zamani. Ilirudi imefungwa katika kisanduku cha plastiki ngumu kisichofunguka, na ndani yake karatasi yenye jina la sarafu, mwaka wake na alama waliyoipa. Wote tulifurahi. Mama alikuwa akikiinua kisanduku dirishani, anamwangalia tembo wake, kisha anakirudisha ndani ya valizi ya nguo zake.

Halafu macho yake yakazimika. Kwa kipofu, kisanduku kile ni plastiki laini tu pande zote. Mwaka jana mama alianza kukitikisa karibu na sikio. Sarafu haikulia, maana ilikuwa imebanwa vizuri. Siku moja Aicha, jirani yetu, alikuwa ananisaidia kuchambua mchele uani. Mama akaniuliza mbele yake, "Dieudonnée, muliiuzisha lini?"

"Nini, mama?"

"Feza yangu. Muliniachia plastiki tupu."

Nilimwapia. Aicha naye alikichukua kisanduku, akamwambia, "Tembo iko ndani, mama. Naiona na macho yangu." Mama akajibu polepole kwamba Aicha ni rafiki yangu, angesema nini kingine. Tangu siku ile alikula kidogo sana, na hakunionyesha tena mahali anapoweka vitu vyake. Ruphin, kumwosha na kumlisha mzazi anayedhani umemwibia ni kazi nzito kuliko zote nilizofanya maishani.

Ndipo alipofika Salomon, yule mkusanyaji wa sarafu kutoka Kindu uliyemtuma. Ni mtu wa heshima. Alikaa barazani, akatueleza bila haraka. Zamani, alisema, watu walipima kwa jicho tu: hii nzuri, hii nzuri sana. Wengi walizisugua kwa majivu na ndimu ili zing'ae, na leo sarafu iliyosuguliwa hivyo inahesabiwa kama imejeruhiwa. Alitoa mfukoni vipochi laini vya plastiki alivyotumia yeye mwenyewe alipoanza. Sarafu zilizokuwa ndani zilikuwa zimeota utando wa kijani, kwa sababu plastiki ile ilizitafuna kidogo kidogo na hakuna aliyejua. Siku hizi kuna alama zinazofika sabini, kuna picha, kuna namba unayoifuatilia kwa simu. Kisanduku cha mama ni cha mtindo wa zamani, na wapo watu wanaokitafuta hivyohivyo, wakiamini wapimaji wa wakati ule walikuwa wakali zaidi. Shauri lake lilikuwa kama lako: ipelekwe ilivyo, ipimwe upya, ihamishiwe katika kisanduku kipya.

"Lakini musikifungue hapa," alituonya. "Mukikifungua, ile karatasi inakufa, hakuna atakayeiamini tena. Na jasho ya vidole inaacha alama."

Mama alikuwa amesikiliza yote. "Baba," alimwuliza, "wale wanaoipima, wanajua ni ya nani?"

Salomon alivirudisha vipochi vyake mfukoni. "Hapana, mama. Wanaangalia sarafu tu."

"Basi na mimi niachiwe niipime."

Nilijua mipango yako, na kwamba ulikuwa umekwisha kuongea na wapimaji. Nilijaribu kukupigia, simu haikupita. Mama aliendelea kukitikisa kisanduku kile. Mwishowe nikamshika mkono, tukaenda kwa Asani, fundi anayetengeneza pete na herini kwa dhahabu ya migodi ya Salamabila.

Asani alikigeuzageuza. "Mama Régina, nikikata, siwezi kukirudisha kama kilivyokuwa."

"Sikukuomba ukirudishe."

Alikata ukingo kwa msumeno wake mwembamba, akipuliza vumbi, mpaka plastiki ikaachana. Yeye hakuigusa sarafu. Alikiinamisha kisanduku, ikaanguka kiganjani mwa mama.

Mama alipitisha kidole gumba ukingoni, akaizungusha taratibu, kisha kidole kikasimama. Pale pana mkato mdogo. Mimi nilikuwa nikiuona siku zote nikidhani ni kasoro tu, na hata karatasi ya wapimaji iliutaja kama uharibifu. Mama akasema, "Hapa Marcellin alikata na kisu mbele ya wajomba zangu, wajue ni feza mpaka ndani." Kisha akanitafuta kwa mkono wa pili mpaka akaupata uso wangu. "Mutoto wangu. Nilikufikiria vibaya."

Nililia palepale mbele ya wateja wa Asani, wala sioni haya kukuandikia.

Kuanzia siku hiyo mama alikula. Alisali nayo mkononi, alilala nayo mkononi, na feza ikaanza kuwa nyeusi kwa jasho. Ugonjwa wa kifua ulipomzidi, alinivuta karibu. "Ruphin hatafika," akasema. Nikamwambia unahangaika na karatasi za safari, utafika. Akatikisa kichwa. "Mumupelekee hii. Asiishike na kitambaa. Aishike na mukono."

Alituacha asubuhi, watu wakienda Misa ya kwanza. Wazee wa ukoo walitaka sarafu izikwe naye. Nikawaeleza maneno yake, mmoja wao akasema, "Basi isafiri."

Kwa hiyo, mudogo wangu, iko ndani ya mfuko wa pamba ambao Padri Blaise atakupa pamoja na barua hii. Karatasi ya wapimaji na vipande vya kisanduku nimevitia pia. Ukiona vyema kuipeleka ipimwe upya, sikuzuii. Ni yako sasa, na wajuzi watakufundisha namna ya kuihifadhi. Watakuambia weusi ule ni uharibifu, na kwa kazi yao wana haki. Lakini kabla hujawapa, funga mlango, ukae, uishike kwa mkono mtupu muda wote utakaotaka. Vidole vilivyoitia weusi ni vyake.

Nisalimie Emilienne, na unibusie Elsa na Laura. Aicha anakupa pole, Asani pia, na ukoo wote wa Wamaza. Mungu aliyempokea mama akulinde huko ugenini, akurudishie usingizi, na siku moja akulete usimame nasi penye kaburi lake.

Mimi nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Yaya yako Dieudonnée