Kijani Juu au Buluu Juu

Jumatatu, 24 Desemba 1956
Sare za shule zimejaa mezani, sijamaliza hata moja. Kazi haishikiki. Wiki ijayo Sudan inatimiza mwaka mmoja huru, na mimi niko Nakuru nashona kaptula! Tajiri amenipa vipande vya buluu, njano na kijani. Nitashona bendera, niipandishe uani. Bakhiti, mwenzangu wa kwetu, alete kuku, tule kama watu.

Jumatano, 26 Desemba
Bendera tayari. Kijani juu. Bakhiti amepita na lori la ngano kutoka Njoro, akaiangalia, akacheka. Ati buluu ndiyo juu. Nani kamwambia? Dereva anifundishe kitambaa mimi! Nikamwambia ashike usukani wake. Akaondoka bila chai. Tangu tuje huku na jeshi, miaka kumi na tano, hajawahi kukataa chai yangu.

Ijumaa, 28 Desemba
Msikitini alitoka kabla sijavaa viatu. Aende. Sina haja naye. Mke wangu asema nimetaja jina lake mara tisa tangu asubuhi. Amehesabu, mwanamke huyu! Nimemwandikia ndugu yangu Omdurman anipe ukweli.

Jumatatu, 31 Desemba
Nimeshona shati lina mikono miwili ya kushoto. Hiyo kijani juu niliiona wapi? Sikuiona popote. Tuliondoka kwetu bendera yenyewe haijazaliwa. Picha ya gazeti haina rangi. Bakhiti naye hajaiona. Wajinga wawili. Lakini ndiye Msudani pekee niliye naye mji huu. Bila yeye si sikukuu.

Jumanne, 1 Januari 1957
Nimeipandisha saa mbili. Bakhiti anaishi ng'ambo ya barabara, anaiona. Hakuja. Akaja askari, akauliza ni ya chama gani. Siku hizi kitambaa tu chaweza kukulaza ndani. Nikasema ni ya kwetu, mbali. Akaenda zake.
Saa saba, bado. Mke wangu akasema, "Baba Asha, si uigeuze tu?" Nilikasirika. Kisha nikaigeuza.
Haikufika saa nane, Bakhiti huyo, kuku mkononi, amechinjwa tayari. Bendera hakuitaja. "Chai ipo?" Ipo.

Alhamisi, 17 Januari
Barua ya ndugu yangu imefika. Bakhiti hajui kusoma, nikamsomea barazani. Salamu. Nani kaoa, nani kafa. Pale pa bendera, buluu juu, nikapita mbio.
Akaweka kikombe chini. "Rudia hapo."
Nikarudia.