Jogoo wa shukrani na tezi ya shingo

Scola, nimetoka kwa daktari. Nimeaibika mpaka basi!

Unamkumbuka yule jogoo niliyempeleka jumuiya ya kanisa pale Bagara, kushukuru kupona tezi ya shingo? Basi tulimla bure.

Daktari kasoma majibu ya damu: "Mama, homoni ikipungua, ubongo huiamuru tezi itengeneze zaidi. Wako unapiga kelele, tezi haiwezi. Vidonge uliacha lini?"

Miezi mitatu! Si Katekista Theophil alisema aliyepona hamezi dawa? Nami, mama wa imani, nikatii. Nikawa nalala mchana kama chatu aliyeshiba.

Sasa nipo foleni ya dawa. Nyuma yangu nani? Katekista! Amefuata vidonge vyake vya presha. Anasema hajawahi kuruka hata siku moja.