Sauti ya Marehemu

POLISI, MJI WA BUTEMBO
OFISI YA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kambere Henri. Umri: miaka 33. Kazi: fundi wa pikipiki, na mpiga dramu wa kikundi cha rock Mawe Moto. Makao: komini ya Vulamba, Butembo. Amesema kwa Kiswahili.

Mwimbaji wetu alikuwa Kavuo Léa. Mkubwa wa kikundi ni Phinées Kasika, mpiga gitaa na mwenye studio. Mwanzoni mwa mwaka huu tulimaliza kurekodi albamu yetu ya kwanza. Nyimbo zote alizitunga Léa, na jina la albamu alilichagua yeye: Mvua ya Vulamba.

Mwezi wa tatu Léa alikwenda Kalunguta kumsaidia mama yake kuvuna maharagwe. Kijiji kilishambuliwa, nyumba zikachomwa na watu ndani. Phinées alituambia amepata habari ya hakika: Léa na mama yake wameisha. Tuliomba misa bila jeneza. Nilipiga ngoma kanisani huku nalia.

Albamu ilitoka mwezi wa tano. Phinées alikuwa ameibadilisha jina, ikaitwa Sauti ya Marehemu, na picha ya Léa ikawekwa utepe mweusi. Ilipigwa sokoni, kwa vinyozi, kila mahali. Lakini watu hawakununua muziki, walinunua msiba.

Mnamo Jumapili tarehe 15 Juni 2025, alasiri, tulikuwa katika ukumbi mmoja wa komini ya Kimemi kwa uzinduzi rasmi wa albamu. Sauti ya Léa ilitoka kwenye spika, sisi tukiisindikiza. Nikaona mwanamke anapenya kati ya watu, kitambaa kichwani, shavu na shingo vimeungua. Nyuma yake kulikuwa na motard, dereva wa pikipiki ya abiria kutoka Beni, anaitwa Issaka. Yule mwanamke nilimtambua kwa mwendo wake. Vijiti vya dramu vilinitoka mikononi.

Alifika chini ya jukwaa akasema: «Phinées, niko muzima. Baambie.»

Phinées alisimamisha muziki, akamtazama. Hakushtuka. Naomba hilo liandikwe vizuri: hakushtuka. Kisha akasema kwenye mikro: «Munaona uyu? Sisi tunalia, yeye anakuja kula juu ya kifo ya Léa wetu.»

Nilipiga kelele: «Ni yeye! Ni Léa!» Lakini mimi sikuwa na mikro.

Mwanamke mmoja akasema: «Kama ni yeye, aimbe!» Ukumbi mzima ukadakia: «Aimbe! Aimbe!»

Phinées alimshushia mikro yake mwenyewe. Léa akaanza mstari wa kwanza. Moshi ulikuwa umemharibu koo. Ilitoka sauti ya kukwaruza, ikakatika. Watu walicheka. Akajaribu tena. Hapo Phinées akawasha albamu, wimbo uleule, na sauti ya Léa, safi kabisa, ikamfunika Léa.

«Munasikia?» Phinées akauliza.

Kiti cha kwanza kilitoka upande wa mlangoni. Baadaye zilikuwa chupa, viatu, ngumi. Waliompiga walikuwa wanalia, wakimwita mwizi wa wafu. Niliruka chini, mimi na Issaka tukamlalia juu. Wimbo ulipigwa mpaka ukaisha, hakuna aliyeuzima.

Taya la Léa limevunjika. Jicho la kushoto daktari amelitoa.

Hospitalini nilimuuliza Issaka amemtoa wapi. Alisema alimkuta hospitali ya Beni mwezi wa nne, ameungua, mama yake kweli amefia motoni; Issaka alikuwa amekwenda kumuona ndugu yake, akamwazima simu. Simu ya Léa iliungua, na namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya Phinées tu.

«Alimupigia mbele yangu,» Issaka alisema. «Phinées akamuambia: Mungu asifiwe, dada. Bakia kwanza uko Beni, upone. Usipigie mutu mwingine, mimi nitabaambia bote. Basi yeye akangoja. Kisha akasikia kwa redio eti yeye alikufa.»

Jana nilikwenda studio kumuuliza Phinées kama ni kweli. Alikuwa anafunga waya za gitaa. Hakukana. Alisema: «Kambere, ile sauti yake ya sasa, nani ataisikiliza? Huyu wa kwenye albamu banamupenda. Umuache apumuzike.»

Leo asubuhi nilimpelekea Léa uji wa kunywa kwa mrija. Mama wa kitanda cha jirani aliwasha simu yake, ukaimba wimbo wa Léa. Akaisogeza karibu na mto wa Léa ili amfariji. «Sikiliza, binti yangu,» alimwambia. «Huyu maskini alikufa, lakini angalia vile alikuwa anaimba.» Léa hawezi kufungua kinywa. Alimshika yule mama mkono, wakasikiliza pamoja.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi: Kambere Henri
Butembo, tarehe 18 Juni 2025

Nyongeza ya afisa: Majeruhi hawezi kuhojiwa. Kitambulisho hana, inasemekana kiliungua. Misa ya marehemu Kavuo Léa imethibitishwa na parokia. Kwa sababu hiyo, katika faili hili majeruhi ataandikwa «mwanamke asiyejulikana».